Uchochoro Uliofungwa kwa Mikeka

Sogea karibu unisikilize, maana jambo hili nataka ulielewe polepole, wala si vibaya ukinikatiza pale usipofahamu. Nimefundisha somo la uraia skuli mpaka nikastaafu, na nimezoea kuulizwa. Hata mtoto aliyekaa nyuma kabisa darasani sikupenda aondoke na swali lake.

Kwanza nikueleze nyumba zetu zilivyo. Nyumba ya Mji Mkongwe haisimami peke yake. Imejengwa kwa mawe ya matumbawe, udongo na chokaa, na dari zake zimelala juu ya boriti za mikoko. Ukuta mmoja hubeba nyumba mbili, moja kila upande, na huo tunauita ukuta wa shirika. Mvua za masika huunywesha maji, kiangazi huukausha, na kwa miaka mingi umekuwa ukijinyoosha na kujikunja bila kumdhuru mtu. Lakini ukiutwika saruji na nondo upande mmoja, upande wa pili utalia. Hilo halihitaji uhandisi. Mtu yeyote aliyekulia vichochoroni anajua kwamba jirani akigonga msumari kwake, kikombe chako hutikisika kabatini.

Katika uchochoro wetu nyumba yangu ni ya kwanza, inafuata ya jirani yangu, kisha ya tatu ambayo iliuzwa. Jirani yangu alikuwa mjane wa makamo ya mama yangu, na mtaa mzima tukimwita Bi mkubwa. Alizaliwa katika chumba cha chini cha nyumba ile ya baba yake, akaolewa humo, akazaa humo, na mumewe akafia humo. Yeye alikuwa na ombi moja tu hapa duniani, na hakulificha kwa mtu.

"Mimi hapa nitatoka nimelala," alikuwa akituambia, huku akipepeta mchele barazani. "Kwa miguu yangu sitoki. Atakayenitoa ni jeneza."

Tukimcheka, tukimwambia apunguze maneno ya mauti. Yeye akiendelea kupepeta.

Nyumba ya tatu ilinunuliwa na mtu ambaye hatukupata kumwona. Tuliyemwona ni msimamizi wake wa ujenzi, kijana wa adabu, aliyeamkia wazee kabla hajavuka baraza. Alitwambia wanatengeneza hoteli ndogo ya vyumba vichache. Kumbe juu ya paa la zamani wataongeza ghorofa ya zege, na juu ya ghorofa hiyo watajenga bwawa la wageni kuogelea. Bwawa, juu ya mawe na udongo. Niliposikia nilidhani mahamali, wale wabebaji wa saruji yao, wananitania.

Ufa ulianza chumbani kwa Bi mkubwa, juu ya dirisha, ukateremka kuelekea kichwani mwa kitanda chake. Mwanzoni alitundika kanga pale, asiuone. Kisha kanga ikawa haitoshi.

Niliposhika mkono wake tukaenda kwa sheha, nilikuwa na imani kamili. Nikueleze hapa pia. Unguja ukiwa na lalamiko huparamii juu kwa mara moja. Unaanzia kwa sheha wako, kiongozi wa serikali wa mtaa, yeye ndiye anayekujua na kukutambulisha. Bila ya sheha wewe ni mtu tu aliyesimama mlangoni pa ofisi. Kwa miaka mingi niliwafundisha wanafunzi ngazi hizo, tena niliwachorea ubaoni kama ngazi hasa, na mtu mdogo wa vijiti akipanda. Nikiwaambia: mkipanda kwa utaratibu, hakuna atakayewaambia mmevamia.

Sheha wetu ni mtu mzuri, mchovu, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alikuja mwenyewe akautazama ufa, akasikitika kweli. "Nitalipeleka, Mwalimu," aliniambia. Na alilipeleka, nina hakika. Tukapanda ngazi ya pili, ofisi inayoshughulikia majengo. Tukapokewa vizuri, tukapewa viti, tukaambiwa afisa wa mambo hayo yuko nje kikazi. Tulipokwenda tena alikuwa amerudi lakini amehamishwa. Tulipokwenda tena mwenzake alikuwa hajakabidhiwa. Kila mara waliniita Mwalimu, kwani wengine niliwafundisha, na kila mara nilitoka nikimwambia Bi mkubwa kwamba haki hutembea kwa miguu lakini hufika.

"Na iwahi," alinijibu siku moja tukiwa njiani kurudi. "Mimi mwenyewe siku hizi sitembei."

Huku kwetu ghorofa ya zege ilikuwa imeshapata madirisha.

Sasa nikujulishe kwa binti yake. Alikuwa mtu mzima, ana watoto wake, akifanya kazi Kendwa katika hoteli moja ya ufukweni, upande wa kufua mashuka. Siku zake za mapumziko akija kumtazama mama yake, na akishamaliza kwao akija kwangu. Nilimsomesha uraia na alikuwa miongoni mwa wale wanafunzi unaowafurahia na kuwaogopa kwa pamoja.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Habari za kaskazini?"

"Njema. Nimekuja unifundishe tena. Ulitwambia mwananchi ana haki na wajibu. Wajibu nshauona, mama anautimiza kila wiki kwa miguu yake mibovu. Haki inapitia uchochoro gani?"

"Inapitia ofisini. Inachelewa, lakini inakuja."

"Basi itakuwa imekwama pale kona nyuma ya rikwama la saruji."

Alinichekesha, na hapo hapo akanieleza alichokuja nacho. Uchochoro wetu gari haliingii. Kila mfuko wa saruji, kila nondo, kila ndoo ya mchanga ya hoteli ile ilikuja kwa rikwama, ikisukumwa na mahamali kutoka barabarani, na njia ni moja. "Tukiufunga ule mdomo," alisema, "hawana pa kupitisha hata msumari. Watakuja wenyewe kuongea nasi."

Nilimweleza, kama nikuelezavyo wewe, kwamba kuzuia njia ya watu ni kosa. Kukusanya watu bila ya kuwapa taarifa polisi ni kosa jengine. Nikamweleza pia sababu ya sheria hizo, maana sheria bila ya sababu yake ni fimbo tu: leo sisi tutafunga njia kwa jambo la haki, kesho mwengine ataifunga kwa jambo la dhulma, na mgonjwa wa kubebwa kupelekwa hospitali hatauliza nani ana haki. Alinisikiliza mpaka mwisho. Nilimfundisha mwenyewe kusikiliza mpaka mwisho.

"Mwalimu," alisema, "maiti huombewa kibali?"

Sikumfahamu mara moja.

"Akifa mtu hapa, tunatandika majamvi uchochoro mzima, tunafunga turubai, njia inazibwa, hapiti hata baiskeli. Nani umewahi kumsikia ameomba kibali? Na nani umewahi kumsikia amelalamika?"

"Sasa nani amekufa?"

"Nyumba inakufa. Tunaisomea kabla."

Hivyo ndivyo lilivyozaliwa wazo la kisomo cha Kurani. Kuna jirani mmoja aliyetaka tufanye kubwa zaidi, tusome halbadiri, ile dua ya kumwapiza mtenda dhulma, imfike popote alipo.  Halbadiri kwetu inaogopwa kwa sababu haichagui. Aliyeshiriki kidogo hupata kidogo. Na pale barazani kila mmoja alikuwa na kidogo chake. Huyu aliongeza choo juu ya paa bila kumwambia mtu, yule alijiungia maji kwa mpira kutoka bomba la msikiti, mwengine aliwakodisha wageni chumba ambacho serikali haikijui. Mwenye wazo akakohoa, akasema labda sura ya Yasin itatosha. Sote tukakubali haraka kwamba Yasin itatosha.

Tulitandika asubuhi. Wanaume wakakaa mikekani na misahafu, wanawake tukajaa barazani na milangoni. Bi mkubwa akatolewa kiti chake akawekwa kizingitini kama bibi harusi. Muuza duka wa kona alikuja pia. Yeye ni Baniani, wao wameuza viungo na vyandarua pale tangu babu zao, na si wa dini yetu, lakini kila panapotandikwa mkeka mtaani yeye hufunga duka, huvua viatu na kukaa ukingoni mwa jamvi mpaka shughuli iishe. Alifanya hivyo kwa baba yangu. Akafanya hivyo siku ile.

Rikwama la kwanza lilipofika mdomoni mwa uchochoro, mahamali waliona mikeka na misahafu, wakasimama. Hawakugombana. Mmoja alivua kofia, akauliza nani amefariki.

"Bado," alijibiwa. "Tunamsomea mapema."

"Ala. Siku hizi watu wanakopa hadi msiba," alisema, akaketi juu ya mifuko ya saruji, akawa anaitikia amina.

Polisi wawili walikuja kabla ya adhuhuri. Walisimama pale mkeka wa kwanza ulipoanzia, wakatazama viatu vyao, vyenye kamba ndefu hadi juu ya kifundo, wakatazamana. Kuukanyaga mkeka wenye msahafu kwa buti ni jambo ambalo mama zao wangelisikia kabla ya magharibi.

"Kuna msiba hapa?" aliuliza mkubwa wao.

"Hapana, afande," alisema binti. "Kuna kisomo cha kuiombea nyumba."

"Nyumba inaumwa?"

"Inaumwa. Vua buti uingie uitazame."

Watu wakacheka, na yule polisi akacheka kidogo pia, akasema wakimaliza waache njia. Wakaondoka. Siku hiyo nyundo hazikusikika. Ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu Bi mkubwa kulala usingizi wa mchana, na binti aliniita nichungulie nimwone, amelala mdomo wazi chini ya ufa wake.  Nilirudi barazani nikakaa. Niliitazama njia iliyozibwa na nikaona, kwa macho yangu, kwamba jambo nililolikataza lilikuwa limefanya kwa asubuhi moja yale ambayo ngazi zangu hazikuyafanya.

Kesho yake tukatandika tena. Saa za alasiri akaja msimamizi wa ujenzi.

Nataka hapa unisikilize kwa makini, kwa sababu hapa ndipo tulipoangukia, na hakuna aliyetusukuma. Msimamizi alikuja amevaa kanzu nyeupe na kofia ya kushonwa kwa mkono. Nyuma yake walikuwa vijana na sinia za halua na madele ya kahawa, na pamoja naye mzee mmoja mwenye ndevu safi na sauti ya kusikika. Alivua viatu. Akasalimia. Akaomba ruhusa ya kukaa. Sasa niambie, nani anamkatalia Muislamu kukaa kisomoni? Nani anamrudisha mtu aliyekuja na halua? Wanaume wakasogeana, wakampa nafasi. Akashika juzuu akasoma kama wengine, na alikuwa akisoma vizuri.

Walipomaliza sura, akamwelekea mzee aliyekuja naye, akasema kwa upole, "Sheikh, tuombee dua."

Yule mzee akanyanyua mikono. Ilikuwa dua nzuri, siwezi kusema vyengine. Aliwaombea wagonjwa wetu, akawaombea maiti wetu, akawaombea viongozi wa nchi hekima, akamwombea Bi mkubwa umri mrefu, akaiombea nyumba yake baraka na nyumba ya jirani yake baraka. Kila kituo tukaitika amina. Hata mimi. Hata Bi mkubwa, na macho yanamtoka machozi. Kisha mzee akashusha sauti, akasema lile neno la kumalizia: "Al-Fatiha."

Tukaisoma kimoyomoyo. Tukapangusa nyuso kwa viganja. Na watu wakanyanyuka.

Ndivyo ilivyo kwetu. Fatiha ikisomwa, shughuli imekwisha. Tunajifunza hivyo kabla hatujajifunza kuandika: mikono inashuka usoni, magoti yananyooka, mtu anatafuta viatu vyake. Hakuna aliyeamua kuondoka. Miili ilijiondokea yenyewe. Wengine walishapokea kahawa, wengine wana halua mdomoni, na vijana wa mtaa, bila kuambiwa na mtu, walishaanza kukunja majamvi, kwa sababu majamvi ni ya msikiti na lazima yarudi kabla ya magharibi. Waliobaki chini walikuwa wawili. Mmoja alikuwa muuza duka wa kona, aliyekuwa akitazama pande zote kwa mshangao.

"Imekwisha?" aliuliza. "Mbona rikwama bado lipo pale?"

Wa pili alikuwa binti. Mkeka ulivutwa taratibu chini yake, yeye akabaki juu ya mawe matupu.

Msimamizi alisimama mbele yake. "Dada, kisomo kimekwisha."

"Chako kimekwisha. Changu sijafunga."

"Nakuomba, upishe watu wafanye kazi."

"Na mama yangu apishe wapi?"

Msimamizi aligeuka nyuma. Wale polisi wawili walikuwa wamerejea na safari hii hapakuwa na mkeka wala msahafu, palikuwa na mwanamke mmoja tu amekaa katikati ya njia. Wakamwomba anyanyuke. Akakataa. Muuza duka akataka kukaa karibu naye, binti akamwambia, "Bwana, wewe nenda kafungue duka, nani atatuuzia sukari." Nilishuka barazani nikawaambia polisi kwamba hapa pana lalamiko lililopelekwa kihalali, nikawatajia kila ngazi tuliyopanda. Mkubwa wao alinisikiliza kwa heshima. "Mwalimu, mimi hayo siyapingi," alisema. "Lakini mimi nimeletwa kwa hili la njia tu." Wakamshika mikono, huku na huku, wakaenda naye. Rikwama likapita nyuma yao. Hamali aliyekuwa akiitikia amina aliinamisha macho alipopita mlangoni pa Bi mkubwa, lakini alipita.

Tulimtoa kwa dhamana kesho yake. Kazi ya Kendwa ikampotea, kwani hoteli haikutaka mtu mwenye kesi. Alirudi akaishi na mama yake, akafua nguo za watu paani.

Nawe sasa unadhani hadithi inaishia hapo, kwamba waliofunga njia walishindwa. Subiri. Baada ya muda si mrefu, ngazi zangu zikajibu. Wakaguzi wakaja.

Walikuja watatu, wana kofia ngumu, futi za kupimia na kamera. Mkubwa wao alikuwa mhandisi, mwanamke kijana, mwenye adabu na mwenye kujua kazi. Walikuwa wametumwa kwa lalamiko lililoandikwa kwa jina la Bi mkubwa, kwa hiyo walikwenda pale palipoandikwa. Walibisha hodi kwake.

Na yeye aliwakaribisha kama alivyolelewa kukaribisha. Akaamuru kahawa. Akamwambia binti alete kaimati. Kisha akashika ukuta kwa mkono mmoja na bakora kwa mkono wa pili, akaanza kuwatembeza. Hakuwaficha kitu, maana mgeni aliyekuja kukusaidia humfichi kitu. Akafunua kanga, wakaona ufa. Akawapeleka stoo, wakaona boriti iliyochomoka tunduni mwake kwa kiganja kizima. Akawaonesha ngazi ilivyoachana na ukuta, akawaonesha jiwe lililoanguka karibu na mswala wake, alilolihifadhi kwa ushahidi. Mimi niliwamulikia kwa tochi. Binti aliwavutia kabati. Tulikuwa na furaha sisi watatu, ungetuona, kama watu wanaouza.

"Bibi," alisema yule mhandisi mwishoni, amekaa naye kitandani, "hapa si salama. Nyumba hii inaweza kuanguka."

"Ndiyo maana tukawaita," alisema Bi mkubwa.

"Lazima uhame."

 Binti ndiye aliyeuliza. "Na kule?"

"Kule wana kibali cha ukarabati. Kama wamezidisha, litafuatiliwa. Ni faili tofauti." Alisema kweli, na alisema kwa huzuni. "Lakini nikiondoka hapa nikamwacha bibi ndani, likitokea la kutokea, damu yake ni juu yangu."

Sheria hiyo naijua. Jengo la hatari huhamwa kwanza, mengine baadaye. Niliifundisha, na ingekuwa mimi ndiye niliyepewa kuiandika, ningeiandika vile vile. Sina ugomvi nayo hata leo. Ila niambie, wewe unayenisikiliza: mtu amekwenda kushitaki kwamba anachomwa kisu, akaambiwa kwamba ni kweli, jeraha tumeliona, kwa hiyo ondoka hapo ulipo, unachafua sakafu. Nimekaa nikilifikiri hili kwa subira yangu yote. Bado sijapata namna ya kulieleza darasani.

Walipaka alama nyekundu mlangoni. Bi mkubwa alipewa muda, muda ukaisha. Alitoka kabla ya adhuhuri, amevaa buibui lake zuri, mkono mmoja nimeushika mimi na mmoja ameushika binti. Hakuna aliyemkumbusha alichokuwa akikisema barazani, wala yeye hakukisema. Alitutazama miguu tu. "Taratibu," alitwambia. "Jiwe hilo linateleza." Alitoka kwa miguu yake.

Alipelekwa Kikwajuni kwa mtoto wa dada yake, akapewa chumba cha mbele chenye dirisha. Nikienda kumtazama akiniuliza ofisi wamesemaje. Nikimwambia bado, bado hawajasema. Hakukaa sana. Akafa kule, na akatolewa amelala kama alivyotaka, ila mlango haukuwa wake. Siku hiyo majamvi yalitandikwa uchochoroni Kikwajuni, njia ikazibwa, na hakuna aliyeuliza kibali. Binti hakuitikia dua hata moja. Alikaa kwenye kona akitazama mikono yake.

Masika yaliyofuata nyumba ikaanguka, mchana, hakuna aliyeumia. Yule mhandisi alikuwa amesema kweli tangu mwanzo. Hoteli ilifunguliwa, na kutoka paani kwangu nasikia wageni wakirukia maji.

Mimi na binti tunabishana mpaka leo, naye akija kuniletea nguo nilizompa afue. Yeye anasema wakaguzi walikuja kwa sababu ya mikeka. Bila ya ile fujo wasingelituona. Mimi nasema walikuja kwa sababu ya lalamiko. Liliwafika kwa njia yake na kwa wakati wake. Kila mmoja anang'ang'ania kwamba njia yake ndiyo iliyofanya kazi. Juzi tukiwa katikati ya ubishi huo tulinyamaza pamoja. Tulikuwa tumeona kwamba tunagombania nani aliyewaleta watu waliomtoa mama yake ndani.

"Kwa hiyo ipi, Mwalimu?" aliniuliza. "Ngazi au mkeka?"

Mimi sijazoea kumwacha mwanafunzi bila ya jibu. Nilimwambia ukweli, kwamba sijui. Zamani nilidhani serikali huwajibika ukiisemesha kwa lugha yake. Yeye alidhani huwajibika ukiizibia njia. Tuliisemesha ikasikia neno moja tu kati ya maneno yetu yote, tukaizibia ikapita na sinia la halua. Sioni njia ya tatu, na nimeangalia. Upande wa kwangu sasa ukuta umebaki hauna wa kuuegemea, na unajua tayari maana yake. Nimeshakwenda kwa sheha. Alinipokea vizuri. Ameshabadilisha miwani.

Lakini wewe bado hujachoka kama nilivyochoka mimi, na labda una ukuta wa kushirikiana na mtu, au kisima, au njia ya kuteremkia pwani ambayo imeanza kuzungushiwa uzio. Sikukatazi kushitaki, wala sikutumi ukafunge njia. Nakupa hili dogo tu nililobaki nalo. Siku wakaguzi watakapokuja, usiwasubiri ndani na kahawa. Toka uwangojee mdomoni mwa uchochoro. Wapeleke kwanza kule kunakojengwa, panda nao mpaka juu, na usimfungulie mtu mlango wa kwako mpaka uwaone kwa macho yako wameandika walichokikuta kule.